Andazi la Asubuhi na Njia ya Misafara

Somo letu la leo ni habari za chakula cha asubuhi.

Itetemia, karibu na Tabora, palikuwa makao ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha kukaa, wanakula wali na mikate ya ngano. Tarehe 23 Juni, 1871, Stanley alifika Kwihara. Waarabu wa Tabora wakampelekea sinia za wali na mchuzi wa kuku, mikate mikubwa ya ngano, na sahani ya vinono vya unga vilivyokaangwa, vingali moto, jamaa ya maandazi yetu.

Je, ngano ilipatikanaje bara? Ililimwa huko huko, wakati wa kiangazi, kwa kunyweshwa maji. Nani aliyeteka maji hayo, akasaga, akabeba sinia? Stanley mwenyewe ameandika kuwa walioleta sinia walikuwa watumwa. Andazi lilikuwa tamu kwa mgeni, lakini jasho lilikuwa la mwingine.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mizigo ya pwani ikatoka kichwani mwa mpagazi. Mwaka 1922 utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika. Siku hizi mpishi hujikaangia na wanawe. Hungoja mafuta yapate moto barabara, ndipo ganda likauke na kulia likitafunwa.

Swali la kuzungumza: Aliyekaribishwa ameandika kitabu. Habari za aliyepika tutazipata wapi?