Kutoka Kinindo hadi Bugarama: Historia Fupi ya Matembezi ya Pikipiki

Katika miji ya nchi za baridi kali, pikipiki ni chombo cha msimu. Huko Montreal nchini Kanada, ambako wamehamia Warundi wengi, theluji ikianza kuanguka waendeshaji huzifungia pikipiki zao ghalani na kusubiri miezi kadhaa. Bujumbura haina theluji. Mji huu uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Mwendeshaji wa Bujumbura akitaka baridi haisubiri, bali huifuata mlimani. Katika makala haya tunaeleza kwa ufupi historia ya njia mbili ambazo mtu atokaye mtaa wa Kinindo anaweza kuzifuata kwa matembezi, kisha tunauliza: je, ni tangu lini barabara hizi zimekuwa za matembezi?

Kinindo ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, karibu na ziwa. Ng'ambo ya maji, upande wa magharibi, huonekana milima ya Uvira nchini Kongo. Njia ya kwanza ni Barabara ya Taifa Namba 3, inayokwenda kusini kandokando ya ziwa hadi Rumonge na Nyanza-Lac, na hatimaye mpaka wa Tanzania. Njia ya pili humlazimu mwendeshaji auvuke mji kwanza, kisha aishike Barabara ya Taifa Namba 1, inayopanda kwa kona nyingi hadi Bugarama. Katika mwendo usiozidi kilomita 40 mtu hupanda kutoka ziwani hadi zaidi ya mita 2,000. Jiografia hutufundisha kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo aliyeondoka Kinindo akitokwa na jasho hufika Bugarama akitafuta koti, na mara nyingi hukuta ukungu umetanda barabarani.

Tuanze na njia ya ziwa. Kabla ya barabara kulikuwa na mitumbwi. Mnamo Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kuchunguza ncha ya kaskazini ya ziwa. Walithibitisha kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Njiani walipumzika Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura ya leo. Mahali hapo pana jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871, nalo ni kituo cha kawaida cha wapitao njia. Wapo wageni wanaodhani kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo, walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji. Kwa sisi wa Kiswahili, jambo muhimu zaidi ni kwamba wafanyabiashara wa Ujiji waliyazoea maji hayo kabla yao. Mmoja wao, Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kupanua mamlaka yake hadi Burundi katika miaka ya 1880, lakini Warundi walimzuia. Hata hivyo lugha haikuzuiliwa. Rumonge na Nyanza-Lac hadi leo ni miji ambayo Kiswahili kinasikika sokoni na mwaloni, palipo na ndagala na mukeke.

Barabara zilikuja baadaye. Wajerumani waliweka kituo chao Usumbura mwaka 1897, na Wabelgiji wakautwaa mji mwaka 1916. Chini ya utawala wa Kibelgiji, milima ilichongwa kwa majembe na mikono ya wanavijiji waliolazimishwa kufanya kazi. Athari zake zimebaki katika msamiati. Kirundi kina neno "akazi", lenye asili katika "kazi" ya Kiswahili, na "ibarabara", lililotokana na "barabara". Kina pia "ipikipiki". Maneno haya matatu yakipangwa pamoja yanatupa muhtasari wa historia: kwanza ilikuja kazi, kisha barabara, na mwisho chombo cha kupita juu yake.

Lakini nani aliyekipanda chombo hicho? Kwa muda mrefu pikipiki katika eneo letu ilikuwa mali ya maafisa, wamisionari na walowezi. Mwaka 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki, wakavuka Jangwa la Sahara, na mwaka 1935 wakafika Cape Town. Ushujaa wao hauna shaka. Hata hivyo tukumbuke kwamba katika muongo huohuo, Mrundi wa kawaida aliijua barabara kwa kuichimba. Mmoja aliipita kwa kuipenda safari yenyewe. Mwingine aliitengeneza bila kuulizwa kama angependa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 barabara hizi zilikuwa za Warundi, lakini hazikuwa za raha daima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 viliifanya barabara ya milimani kuwa mahali pa hofu. Tarehe 28 Desemba 2000, miezi minne tu baada ya Mkataba wa Arusha kutiwa saini, basi la Titanic Express lililokuwa likitoka Kigali lilishambuliwa lilipokaribia Bujumbura, na watu 21 wakauawa. Mandhari anayoisifu mtalii leo, yaani kona, ukungu na mabonde, ndiyo iliyowaficha waviziaji. Aliyesafiri miaka hiyo hakutazama bonde ili alifurahie.

Amani iliporejea, pikipiki zilizidi kuongezeka, hasa zile za Kihindi kama TVS na Bajaj. Hazikununuliwa kwa ajili ya matembezi. Vijana wengi walizifanya teksi, wakapata riziki. Kwenye miteremko ya Bugarama, wapanda baiskeli, au "kinga" kama wasemavyo Burundi na Kongo, wamejulikana kwa kushuka na mizigo mizito ya ndizi na makaa, na kwa kupanda wakiwa wamening'inia nyuma ya malori. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na tuktuk katikati ya jiji kwa kutaja ajali. Waliotegemea vyombo hivyo walilazimika kubaki pembezoni. Aidha, uhaba mkubwa wa mafuta katika miaka iliyofuata ulifanya lita moja ya petroli kuwa kitu cha kupangiwa foleni.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu. Matembezi ya pikipiki hayategemei mandhari peke yake, maana milima na ziwa vimekuwapo siku zote. Yanategemea mambo matatu: barabara iwe salama, mwendeshaji awe na chombo chake, na awe na mafuta ambayo hakulazimika kuyatoa katika chakula cha watoto. Kwa Warundi walio wengi, mambo hayo matatu hayajawahi kukaa pamoja kwa muda mrefu.

Kwa walimu, somo hili lina faida darasani. Kiswahili hutofautisha "safari", ambayo aghalabu ina shabaha, na "matembezi", ambayo raha yake imo katika mwendo wenyewe. Kirundi nacho kina "gutembera", neno linalofanana na "kutembea". Tunawashauri wanafunzi wanaotoka kandokando ya barabara hizi wawaulize wazee wao: ni mwaka gani ulipotoka nyumbani kwa mara ya kwanza kutembea tu, bila mzigo, bila hofu na bila haraka? Majibu yaandikwe, pamoja na majina ya kona na vilima kama wenyeji wanavyoyataja. Jiwe la Mugere limehifadhi majina ya wageni wawili waliopumzika hapo siku chache tu. Waliochimba barabara hawakuchongewa jiwe, na kumbukumbu yao itabaki pale tu itakapoandikwa.