Redio za Mkononi katika Njia za Njombe na Makambako

Katika nyanda za juu za Njombe, magari yalifika muda mrefu kabla ya chombo cha kuwawezesha madereva kuzungumza wakiwa njiani. Makambako ipo penye njia panda ya barabara kuu ya Iringa na Mbeya na ile ya kwenda Songea, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 barabara kuu yenyewe ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupita hapo kwa malori, na njia hiyo ikapata sifa mbaya ya kuitwa njia ya jehanamu. Kwa kawaida lori likizama, utingo alitembea kutafuta msaada au wote walisubiri gari jingine litokee.

Redio zilitangulia majengoni. Huduma ya madaktari wa ndege iliyozaa shirika la AMREF ilianza mwaka 1957, na baadaye mtandao wake wa redio ukaunganisha hospitali za misheni za Afrika Mashariki. Hizo ndizo simu za upepo ambazo wazee wengi wanazikumbuka, na vituo vya polisi navyo vilizitegemea. Mawimbi yake mafupi hupanda hadi tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali, kwa hiyo milima haiyazuii. Tatizo lilikuwa ukubwa wa mtambo: gari lililofungwa simu ya upepo lilihitaji antena ndefu na umeme wa betri yake, na dereva akishuka kukagua daraja aliacha mawasiliano nyuma.

Redio ya mkononi ilitibu tatizo hilo. Asili yake ni vita: SCR-536 ya kampuni ya Motorola, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1940, ilikuwa na uzito wa kilo 2 na zaidi, na nchi kavu ilifikisha sauti kilomita moja na nusu hivi. Baadaye transista ziliipunguzia redio ya mkononi uzito, ikaanza kubebwa mfukoni. Redio za sasa huwa na nguvu ya wati 5 hivi, na mawimbi yake husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Watu wawili waliosimama kwenye tambarare kama ya Usangu wanaweza kusikilizana kwa kilomita 9 hivi. Katika makorongo ya Makete na Ludewa, kilima kimoja kati ya magari mawili kinatosha kukata sauti. Bati la gari nalo huzuia mawimbi, ndiyo maana madereva wazoefu huweka antena juu ya paa au hushuka na kupanda kichuguu kabla ya kuita.

Mashamba na miradi mikubwa ndiyo iliyohitaji zaidi chombo hiki. Kampuni ya miwati ya TANWAT ilianzishwa Njombe mwaka 1949, na katika shamba la miti moto hauwezi kusubiri mjumbe. Miaka ya karibuni utafiti wa makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga umepeleka magari na mitambo katika njia za Ludewa zenye miteremko mikali. Hapo msafara huendeshwa kwa utaratibu wa kale wa redio: gari la mbele hutangaza kona, utelezi na lori linalokuja, la mwisho huthibitisha kwamba hakuna aliyebaki. Ujumbe mmoja huwafikia wote kwa mara moja, jambo ambalo simu ya kupigiana wawili haiwezi.

Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na minara ilipopanda milimani redio zilipungua. Lami iliyofika Makete na zege lililomwagwa kati ya Lusitu na Mawengi vimepunguza pia hofu ya kukwama. Hata hivyo mabonde yasiyo na mtandao yapo bado, na redio za bei nafuu kutoka China zimejaa sokoni. Wanunuzi wengi husahau kwamba masafa ni mali ya umma: tangu mwaka 2003 yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayeyatumia. Mwenye msafara aiombe leseni hiyo kabla ya kununua redio.