Dau la Fainali na Mshika Pesa Wake

Kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila kijana wa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kubishania fainali kwa pesa kulihitaji watu watatu. Wawili wanabishana, wa tatu anashika dau. Huyo wa tatu alikuwa mtu wa kuaminika mtaani: fundi cherehani, mwenye duka, mzee wa jirani. Noti za huyu na za yule zilikunjwa pamoja, na filimbi ya mwisho ikilia, mshindi alizichukua zote. Machi 1974, Ndaye Mulamba alipoifungia Zaire, Kongo ya leo, mabao yake yote manne katika fainali na marudio yake dhidi ya Zambia kule Cairo, aliyekuwa ameweka dau kwa Leopards, timu hiyo ya Zaire, alilipwa na jirani yake, na pesa ikabaki palepale mtaani.

Mshika dau mwenye ujira ana historia ndefu. Mwaka 1867, Joseph Oller alianzisha Paris mfumo wa kuchanga madau ya mbio za farasi: pesa zote huingia chungu kimoja, mwendeshaji anakata sehemu yake, na kinachobaki wanagawana washindi. Njia ya pili ni ya kampuni kutangaza malipo kabla ya mchezo. Hiyo ndiyo tunayoikuta leo katika vibanda vya kubeti kuanzia Nairobi hadi Bujumbura, na humo ndimo hesabu inapojificha.

Chukua mechi ya timu mbili zenye nguvu sawa, kampuni ikitoa 1.90 kwa kila upande. Ukiweka faranga 1,000 na ukashinda, unapata 1,900. Mzee wa mtaani angekukabidhi 2,000. Faranga mia moja tu, nani atazililia? Lakini vijana hawachezi mechi moja. Wanasuka mkeka, yaani tiketi moja ya mechi tano ambazo lazima uzipatie zote, na 1.90 za mechi hizo tano zikizidishwa pamoja zinafika karibu 24.76. Faranga 24,760 kwa 1,000, macho yanang'aa! Nafasi ya kupatia zote tano, hata hivyo, ni moja kati ya 32, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa 32,000. Kila mechi unayoongeza, mkato wa kampuni unakua.

Pesa hizi huweza pia kuuharibu mchezo wenyewe, na Marekani waliionja mapema hatari hiyo. Katika fainali za besiboli za mwaka 1919, wachezaji wanane wa Chicago White Sox walituhumiwa kupanga na wacheza kamari ili timu yao ifungwe na Cincinnati. Mahakama iliwaachia mwaka 1921, lakini Jaji Landis, msimamizi wa mchezo huo, aliwafungia maisha. Karibu karne nzima ligi ya besiboli ikaiogopa kamari. Kisha, Mei 2018, Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta sheria ya mwaka 1992 iliyozuia kubeti michezo katika majimbo mengi, na kabla mwaka haujaisha ligi hiyohiyo ilikuwa imetia saini mkataba na kampuni ya kamari ya MGM.

Huku kwetu mlango ulifunguliwa na pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Vodacom ikaileta Kongo mwaka 2012. Tangu hapo mtu anaweza kubeti akiwa kitandani, hata besiboli ambayo hajawahi kuiona ikichezwa. Fainali zake zinaanza saa nane usiku kwa saa za Uvira, wakati mvuvi wa ndagala kwa kawaida yuko ziwani na taa zake. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti samaki, naye hubaki nchi kavu bila kipato, simu mkononi. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi. Serikali za nchi zetu zinajua kutoza kodi kampuni hizi. Zizilazimishe pia kuandika juu ya kila mkeka, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, malipo ya haki yangekuwa kiasi gani na kampuni imekata ngapi.