Fahamu: Mayunga alivyoipa Tanzania taji la kuimba Afrika, safari ikianzia kwenye simu

Tanzania ina wasanii wakubwa, lakini kwenye mashindano ya kuimba yanayokutanisha nchi, mara nyingi imerudi mikono mitupu. Machi 2015 mambo yalibadilika. Nalimi Mayunga alitwaa taji la Airtel Trace Music Stars mjini Naivasha, Kenya.

Alipatikanaje?

Hatua ya kwanza haikuwa na foleni ya usaili. Mshiriki alipiga namba maalumu, akaimba, sauti ikarekodiwa. Yaani kijana wa Kenyamonta, Serengeti, mwenye laini ya Airtel na mtandao unaoshika, hakuhitaji nauli ya basi hadi Mwanza au Dar ili asikike.

Waliofanya vizuri walipanda jukwaani kwenye fainali ya taifa. Mayunga akashinda na kukata tiketi ya Naivasha.

Alishinda nini?

Huko alikutana na washindi wa nchi nyingine za Afrika, na Akon akiwa miongoni mwa majaji. Zawadi kubwa ilikuwa mkataba wa kurekodi na Universal Music, pamoja na kunolewa na Akon mwenyewe nchini Marekani.

Baadaye alitoa "Nice Couple", kisha "Please Don't Go Away" akimshirikisha Akon.

Kwa nini ushindi huu ni mkubwa?

Angalia Tusker Project Fame, shindano lililotikisa Afrika Mashariki. Washiriki waliishi pamoja Nairobi, wakaimba kila wiki, na kura za watazamaji kwa simu ziliamua nani abaki. Washindi wake wote sita:

- 2006: Valerie Kimani (Kenya)
- 2008: Esther Nabaasa (Uganda)
- 2009: Alpha Rwirangira (Rwanda)
- 2010: Davis Ntare (Uganda)
- 2012: Ruth Matete (Kenya)
- 2013: Hope Irakoze (Burundi)

Umeiona Tanzania? Haipo. Aliyekaribia zaidi ni Peter Msechu, zao la Bongo Star Search, aliyeshika nafasi ya pili mwaka 2010. Hata Burundi, iliyoingia kwa kuchelewa, iliondoka na taji.

Kwa hiyo, miaka mitano baada ya Msechu kulikosa taji la Nairobi, Mayunga alikwenda Kenya hiyohiyo na kurudi na ushindi wa Afrika.