Ugumu wa Mambo na Wepesi wa Haki

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Misugusugu, katika nchi ya Kibaha ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisarawe. Huenda akadhani kwamba fikra za uhuru huzaliwa vyuoni na mijini tu, wala si katika vijiji vya wakulima. Historia ya Uzaramo yatufundisha vingine.

Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianza kuwalazimisha watu wa sehemu hizi kulima mashamba ya pamoja ya pamba. Watawala walikuwa na hoja ndefu: mahitaji ya viwanda vya Ulaya, mapato ya koloni, na mafunzo ya kilimo cha biashara. Mkulima alikuwa na swali moja tu: jasho ni la nani, na mavuno ni ya nani? Mwaka 1905 swali hilo liligeuka kuwa Vita vya Maji Maji, ambavyo vilifika hata Uzaramo. Kibasila, jumbe wa Kizaramo, alinyongwa.

Waingereza nao walikuja na hoja za namna nyingine. Mwaka 1955 waliunda Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe wasio wa serikali 30: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Wakati huo Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao elfu 20 tu. Ilielezwa kwamba nchi yenye watu wa asili mbalimbali ni jambo gumu, lisiloweza kupimwa kwa hesabu nyepesi ya mtu mmoja, kura moja. Ndipo ikatungwa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Isitoshe, aliyetaka kupiga kura sharti awe na elimu maalumu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa. Mkulima wa kawaida alibaki nje ya mlango.

Hapa mwanafunzi wa historia na awe mwangalifu. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe wa TANU waingie katika uchaguzi huo wasioupenda. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitenga na kuunda chama chake. Je, TANU ilikuwa imeisaliti haki? La. Ilitambua kwamba njia yaweza kuwa na kona nyingi, ilhali mwisho wa safari ni mmoja. Wagombea walioungwa mkono na TANU, wakiwamo Waasia na Wazungu, walishinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Basi ugumu wa njia ni jambo moja, na kuutumia ugumu huo kuikana haki ni jambo jingine.

Kanuni hiyo ilitupima hata sisi wenyewe. Mnamo Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa nchi mpya ufuate rangi ya mtu. Mwalimu aliwapinga vikali, akatamka kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu. Hapo tulifaulu. Lakini mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Hoja ilikuwa ile ile tuliyoizoea: taifa ni changa, na mambo ni magumu. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, miaka zaidi ya 20 baada ya uhuru. Tusiwe kama wale wauonao mkuki mtamu kwa nguruwe, na kwao wenyewe mchungu.

Hatusemi kwamba kuongoza nchi ni kazi rahisi. Shule, mashamba, maji na barabara vyahitaji wataalamu na hesabu ndefu. Lakini mtu kuwa na sauti katika mambo yake, kulipwa haki ya jasho lake, na kutofungwa bila hukumu, si mambo yanayongoja utaalamu. Mkulima wa Uzaramo aliyafahamu kabla hajafundishwa kusoma. Wajibu wa mwalimu na mwanafunzi, kila wasikiapo kwamba mambo ni magumu mno kwa watu wa kawaida, ni kuuliza swali lile la zamani: ugumu huu unamfaa nani?