Vim, rangi za kodi na watoto wa Kibaale

Juzi nimekesha kwa ajili ya alama moja ya nukuu. Ilikuwa tovuti ya mteja, na vile vipicha vya vitufe vilichorwa kwa SVG kisha vikatiwa humohumo ndani ya faili la CSS. Kimoja kikakataa kuonekana. Nikafungua faili kwenye Vim, na SVG yote ikaja rangi moja, maana machoni pa CSS yale ni maandishi tu kati ya nukuu.

Kutia kitu ndani ya kitu si jambo la jana. Kanuni ya anwani za "data:" (RFC 2397) ni ya mwaka 1998, na sisi tuliotumia setilaiti mpaka mikongo ya baharini ilipotua Mombasa 2009 twajua kwa nini mtu hutaka faili moja badala ya ishirini. Mwaka huohuo wa 1998, Februari, Vim 5.0 ilitoka na rangi za kodi (ya programu, si ile ya KRA). Vim yenyewe ilikuwako tangu 1991, ilipotolewa kwa kompyuta za Amiga.

Mwenyewe ni Bram Moolenaar, Mholanzi. Mwaka 1994 aliishi Kibaale, kusini mwa Uganda, akifanya kazi ya uhandisi wa maji na usafi, kwenye eneo ambalo UKIMWI uliacha mayatima wengi. Vim hakuiuza. Aliomba anayeipenda achangie kituo cha watoto cha Kibaale, na kwa miaka mingi ukiifungua bila faili ilikutajia watoto wa Uganda. Mimi zamani nikidhani imetengenezwa na jirani yetu wa Kampala!

Turudi kwenye nukuu. Niliandika haya katika ~/.vim/after/syntax/css.vim:

unlet! b:current_syntax
syntax include @svg syntax/xml.vim
syntax region svgNdani start=/<svg/ end=/<\/svg>/ keepend contained contains=@svg containedin=cssStringQ,cssStringQQ
let b:current_syntax = "css"

Mstari wa kwanza usiusahau. Faili la rangi likiona lugha nyingine imeshatangulia, hujiondokea kimya, nawe utabaki kujiuliza. Mstari wa pili waazima kanuni za XML, kwani SVG ni XML. Hiyo "keepend" yazuia rangi zisimwagike nje ya </svg> na kuchafua CSS iliyobaki.

Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Vim 9.1, iliyotoka Januari 2024, ilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Nukuu nayo ilikosekana mwisho wa viewBox. Rangi ya maandishi ilipitiliza mpaka sifa iliyofuata, nikaiona kabla sijamaliza kahawa.