Miaka 30 ya Casting for Recovery

Mwaka 1996, katika mji mdogo wa Manchester, jimbo la Vermont nchini Marekani, wanawake wawili waliunganisha fani ambazo hakuna aliyedhani zina uhusiano. Gwenn Perkins alikuwa mvuvi mahiri wa kutumia nzi bandia kama chambo, na uvuvi huo ndio ulikuwa kazi yake. Dkt. Benita Walton alikuwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha matiti. Wakaanzisha Casting for Recovery, taasisi inayowafundisha kuvua wanawake waliopatwa na saratani ya matiti. Mwaka 2026 inatimiza miaka 30.

Manchester palikuwa mahali pake hasa. Mto Batten Kill unapita hapo, na kampuni ya zana za uvuvi ya Orvis ilianzishwa mjini humo mwaka 1856. Binti wa mwanzilishi wake, Mary Orvis Marbury, alisimamia karakana ambamo wanawake walifunga nzi bandia kwa manyoya ya ndege na nyuzi, na mwaka 1892 akachapisha kitabu kinene kuhusu nzi hao na asili zao. Kwa hiyo mwanaume anayeuita mchezo huu wa kiume angeuliza kwanza ni nani waliomfungia ndoana babu yake.

Lakini kwa nini kuvua? Jibu liko mkononi. Baada ya upasuaji wa titi, na hasa tezi za kwapani zikitolewa, bega hukakamaa na mkono huweza kuvimba, hivyo mgonjwa huelekezwa kuunyoosha taratibu kila siku. Mvuvi wetu wa mshipi hutegemea chubwi kuupeleka mshipi mbali. Nzi bandia karibu hana uzito. Kilicho kizito ni mshipi wenyewe. Unauinua kutoka majini, unaurusha nyuma, unasimamisha mkono kidogo mpaka mshipi unyooke hewani, ndipo unaupeleka mbele. Anayetumia nguvu huuvuruga tu. Mwendo huo unafanana sana na mazoezi ambayo mgonjwa huelekezwa kufanya, ila huu haumchoshi akili.

Kambi moja ya taasisi hiyo huchukua siku mbili na nusu, na hupokea wanawake wasiozidi 14. Hawalipi chochote, na zana zote huzikuta huko huko. Wako wauguzi, wanasihi na walimu wa uvuvi. Siku ya mwisho kila mmoja huingia mtoni na msaidizi wake, amevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, maji yakimkandamiza miguu.

Kwa maoni yangu, siri ya taasisi hii imo katika ugeni wa kazi yenyewe. Wengi wa wanawake hao hawajawahi kushika ufito wa kuvulia. Mwanasheria na mpishi wa shule wote wanakuwa wanafunzi siku hiyo hiyo, wote mishipi inawatatiza, na wote wanachekana. Anayemfungulia mwenzake fundo hana haja ya kutafuta pa kuanzia mazungumzo. Jioni maneno huja yenyewe: nywele zilizonyonyoka, mume aliyenyamaza, watoto ambao bado hawajaambiwa. Nyumbani mambo hayo humezwa ili jamaa wasiingiwe na hofu, lakini hapa msikilizaji ameyapitia.

Msomaji wa Kilwa au Mwanza atashangaa kusikia kwamba samaki hapelekwi jikoni. Mvuvi hulowesha mikono kwanza, humtoa ndoana, humshika akielekea mkondo wa maji mpaka apate nguvu, kisha humwachia. Nami nakiri ningesita kidogo mbele ya samaki mnono aina ya trauti.

Kutoka Vermont kazi imeenea majimbo mengi ya Marekani na kuvuka hadi Uingereza na New Zealand. Makao makuu sasa yako Bozeman, Montana. Wapo waliokuja wagonjwa wakarudi kuwa wasaidizi wa mtoni, na urafiki mwingi umeendelea baada ya kambi, kila kundi likitafuta mto wake.

Mito ya trauti huku kwetu ni michache, lakini vikundi vya manusura wa saratani tunavyo. Wanaoviendesha wawape akina mama hao kazi ya mikono ya kujifunza pamoja, iwe ukili au bustani, wasiwaachie viti vya kukalia na kusimulia maradhi peke yake.